Mtoto wa mkulima anapoambiwa abaki chuoni kufundisha

Kila mwaka, matokeo ya mwisho ya shahada ya kwanza yakishatoka, kuna wanafunzi wachache katika vyuo vikuu vya Tanzania wanaoitwa pembeni na mwalimu wao na kuambiwa maneno mafupi: “Usiende mbali. Matokeo yako yanatosha kufundisha hapa.”

Kwa mtoto wa daktari au mkurugenzi, hiyo ni habari njema ya kupeleka nyumbani jioni ileile. Kwa mtoto wa mama lishe wa Mbagala au mkulima wa ufuta wa Nachingwea, huo ni mwanzo wa mgogoro.

Nyumbani wamehesabu miaka mitatu kwa vidole. Mdogo wake anaingia kidato cha tano, bati la nyumba limetoboka, na shamba lililouzwa ili apate nauli na godoro la kuanzia chuo bado linatajwa kwenye vikao vya ukoo. Wanachosubiri ni mshahara. Yeye anakuja na habari ya kusoma tena.

Mara nyingi mgogoro huo huisha kimya kimya. Kijana anachukua kazi ya kwanza inayopatikana, iwe benki, shule binafsi au kampuni ya simu, na hakuna anayesema kuwa kuna kitu kimepotea. Nyumba inapata mshahara, lakini chuo kinampoteza mtu aliyekuwa na akili ya kufundisha. Miaka 10 baadaye, anayesimama mbele ya darasa ni yule aliyekuwa na mtu wa kumlipia kodi ya chumba alipokuwa anasubiri.

Wazazi wengi huamini kuwa kazi ngumu ilikuwa kumfikisha mtoto chuo kikuu. Imani hiyo ina sababu zake. Ada ya shule za Serikali imefutwa hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, na kwa kidato cha tano na sita tangu 2022. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, imewaingiza madarasani vijana ambao bila mkopo wasingekanyaga huko. Lango limepanuka kweli. Kinachozungumzwa kwa nadra ni ngazi iliyopo baada ya lango.

Ngazi na vipimo vyake

Ngazi yenyewe iko hivi. Mwenye shahada ya kwanza huanza kama mkufunzi msaidizi. Akipata shahada ya uzamili anakuwa mhadhiri msaidizi. Uhadhiri kamili huhitaji shahada ya uzamivu, ile inayompa mtu haki ya kuitwa daktari, na juu yake kuna mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa.

Vyuo vikuu vya umma hutaka mwombaji wa ukufunzi msaidizi awe na GPA ya angalau 3.8 kati ya 5 kwenye shahada ya kwanza. Anayeomba uhadhiri msaidizi hutakiwa awe na angalau 4.0 kwenye uzamili. Nafasi zenyewe hutangazwa chuo kinapopata kibali cha ajira, na kibali hakina tarehe kwenye kalenda.

Mzazi asiyejua mambo ya chuo anahitaji kuelewa namba hiyo ya 3.8. Shahada ya daraja la pili la juu huanzia 3.5. Maana yake kijana anaweza kumaliza na shahada nzuri kabisa, ya kupigiwa vigelegele ukumbini, na bado mlango wa kufundisha ukawa umeshafungwa.

Tena haufungwi mwaka wa tatu. Mara nyingi hufungwa mwaka wa kwanza, kwa sababu masomo ya mwaka huo nayo yanahesabiwa kwenye wastani wa mwisho. Huo ndio mwaka ambao mtoto wa nyumba ya hali ya chini ana mambo mengi kuliko mwenzake.

Kwanza ni fedha. Majina ya waliopata mikopo hutolewa kwa awamu, na wapo ambao awamu yao huja masomo yameshaanza. Wiki hizo za mwanzo kijana anaishi kwa kubebana, yaani wawili kwenye kitanda kimoja cha bweni, na kula mara moja kwa siku. Vitini vya masomo, yale wanayoyaita madesa, anasubiri aliyevinunua amalize kusoma ndipo amwazime.

Pili ni lugha. Shule nyingi za msingi za Serikali hufundisha kwa Kiswahili, kisha sekondari inageuka kuwa ya Kiingereza kwa siku moja. Aliyesoma shule ya kata, kwa walimu waliolazimika kufafanua kila kitu kwa Kiswahili ili darasa lielewe, anafika chuoni akiwa anajua somo lakini hana ulimi wa kulisemea. Pembeni yake ameketi aliyesoma mchepuo wa Kiingereza tangu chekechea. Mwalimu anauliza swali, wote wawili wanajua jibu, mmoja ananyoosha mkono. Baada ya mwezi mmoja mwalimu anajua jina la mmoja tu.

Na jina hilo lina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwalimu akihitaji kijana wa kumsaidia kukusanya takwimu za utafiti, anamwita anayemjua. Barua ya kumdhamini mtu kwenye ufadhili nayo huandikwa vizuri na mwalimu anayemjua mwombaji, kwa kuwa ana la kusema.

Mwanasosholojia Pierre Bourdieu aliyasema haya mapema. Alizaliwa mwaka 1930 katika kijiji cha Denguin, kusini magharibi mwa Ufaransa. Baba yake alitoka katika familia ya wakulima wasio na ardhi yao, akaja kuwa mfanyakazi wa posta. Mtoto alipelekwa bweni mjini Pau, kisha Paris, na mwaka 1981 akapewa kiti Collège de France, mahali ambapo msomi wa nchi hiyo hana pa kupanda zaidi.

Mwaka 1964 yeye na mwenzake Jean-Claude Passeron walitoa kitabu walichokiita “Les Héritiers”, yaani warithi. Hoja yao ilikuwa kwamba shule huwapima watoto kwa vitu ambavyo haikuwafundisha: namna ya kuzungumza, vitabu vilivyokuwa sebuleni, kujiamini mbele ya mkubwa. Mtoto aliyevikuta nyumbani anaonekana ana kipaji. Asiyevikuta anaonekana mzito, na mbaya zaidi, yeye mwenyewe anaamini kuwa ni mzito.

Ukitaka kuona matokeo yake, angalia nani wanabaki kuwa walimu wa vyuo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature Human Behaviour uliwahoji wahadhiri zaidi ya 7,000 wa Marekani. Uligundua kuwa uwezekano wa mhadhiri kuwa na mzazi mwenye shahada ya uzamivu ni hadi mara 25 ya ule wa mwananchi wa kawaida. Katika vyuo vyenye jina kubwa, uwezekano huo unakaribia kuongezeka mara mbili tena. Marekani ni nchi inayojisifu kuwa kila mtu hufika kwa jasho lake.

‘Mbona sisi tulifika?’

Wapo maprofesa wastaafu wa Tanzania ambao wakisikia mazungumzo haya hutikisa kichwa. Walizaliwa kwenye nyumba za udongo, walitembea kilomita nyingi kwenda shule, na wakafika. Ni kweli, na heshima yao iko palepale. Ila simulizi zao zina kipande kinachorukwa.

Kizazi chao kilisomeshwa na Serikali kila kitu. Ada, chakula, kitanda, na kwa wengi hata tiketi ya kwenda likizo. Walipofaulu vizuri, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na haja kubwa ya Watanzania wa kuchukua nafasi za walimu wa kigeni, hivyo kijana aliajiriwa kwanza, ndipo akapelekwa Ulaya au Amerika kusomea uzamivu huku mshahara ukiwapo. Hakukuwa na miezi ya kusubiri bila kipato. Mtoto wa mkulima aliweza kupanda ngazi ile kwa sababu kuna mtu aliyekuwa ameishika.

Hata hivyo gharama hiyo haikuwa jambo dogo, na ilileta ugomvi. Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, ikiwamo kukatwa sehemu ya mishahara watakayopata. Mwalimu Julius Nyerere aliona ndani ya madai yale tabaka jipya linalojitenga na wakulima waliolilipia. Aliwarudisha makwao wanafunzi zaidi ya 300, na siku hiyohiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Mzee aliyelima pamba Shinyanga wakati huo pengine hakuijua sura ya yeyote kati yao, lakini alikuwa mfadhili wao. Mfumo huo ulianza kufunguka mwanzoni mwa miaka ya 1990, wananchi walipotakiwa kuchangia elimu ya juu. Leo mfadhili wa mwanafunzi ni mzazi wake, na yeye mwenyewe wa siku zijazo, kupitia deni.

Fedha za chuo zinavyoonekana kutoka kijijini

Hapa ndipo familia nyingi hukwazana bila kujua. Posho ya chakula na malazi kwa mwanafunzi mwenye mkopo ilipandishwa kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/23. Kwa siku moja mjini, hiyo ni chai na vitumbua, wali maharage mchana, ugali usiku, nauli ya daladala kwa anayeishi nje ya chuo, na kodi ya chumba inayodai sehemu yake.

Lakini fedha hizo haziji kwa siku. Huja kwa mkupuo, na siku 60 ni Sh600,000. Katika nyumba ambayo haijawahi kushika laki sita kwa mara moja, bumu, kama wanafunzi wanavyoliita, linaonekana kama mshahara. Simu zinaanza kulia. Bibi anahitaji dawa, mbolea imepanda, mdogo amerudishwa shule kwa sababu ya sare.

Kijana anatuma. Ni vigumu kumlaumu; amelelewa kutuma. Lakini anachotuma ni deni. Sheria ilivyorekebishwa mwaka 2016 inataka mnufaika aliyeajiriwa akatwe asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi mkopo uishe. Ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikilifanya deni livimbe, iliondolewa mwaka 2021, na wengi wakapumua. Makato ya asilimia 15 yamebaki.

Kisha kuna gharama isiyoandikwa popote. Ili kuziba pengo la alichotuma, kijana anaanza kuuza vocha, kusuka nywele bwenini, kuandikia watu kazi kwa kompyuta usiku, au kuendesha bodaboda mwishoni mwa wiki. Wenzake wako kwenye vimbweta wanajadili mtihani wa wiki ijayo. Yeye anakuja saa tatu usiku, amechoka. Anafaulu, mara nyingi vizuri tu, lakini anatoka na 3.6.

Tofauti kati ya 3.6 na 3.8 inaweza kuwa ndiyo ile mbolea. Hakuna mzazi aliyefanya ubaya hapo. Hakuambiwa tu kuwa hesabu ziko hivyo.

Kuna wazazi ambao wangeambiwa mapema wangekopa kwenye vikoba badala ya kumpigia mtoto. Wengine wasingeweza, na huo nao ni ukweli ambao ukurasa wa familia hauwezi kuufuta kwa ushauri. Bado kuna faida kwa kijana kusema wazi, mwaka wa kwanza kabisa, kiasi anachopata, siku kinazotakiwa kukaa, na kwamba ni mkopo. Wengi huficha kwa aibu, na nyumbani wanabuni namba kubwa zaidi.

Mama, ahadi na umbali

Marehemu Ngũgĩ wa Thiong’o, aliyezaliwa Limuru, Kenya, mwaka 1938 na kufariki Mei 2025, alisimulia katika kumbukumbu zake za utotoni jinsi mama yake, Wanjiku, alivyomuuliza kama anataka kwenda shule. Mama huyo alikuwa mkulima asiyejua kusoma. Kabla ya kumpeleka alimtaka mtoto aahidi kuwa hataikimbia shule hata siku za njaa. Mtoto akaahidi. Aliendelea hadi Shule ya Upili ya Alliance, kisha Makerere, na mwaka 1967 akaanza kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi.

Mama huyo hakuwa na cha kumwelekeza mwanawe kuhusu vitabu. Alichompa ni ruhusa, na makubaliano yenye masharti yanayoeleweka. Ni kitu ambacho hata mzazi asiyejua herufi anaweza kukitoa, na ambacho wazazi wengi waliosoma hawakitoi.

Lakini ruhusa ina machungu yake. Mtoto aliyekaa chuoni miaka sita au saba harudi yuleyule. Anatumia maneno mengine. Anacheka vitu ambavyo wa nyumbani hawaoni cha kuchekesha, na wa nyumbani wanapozungumzia mirathi au uchawi anainamia simu. Mama naye anaanza kumchagulia maneno, kama anavyofanya kwa mgeni. Siku ya mahafali wapo wazazi wanaobaki nyumbani kwa kisingizio cha nauli, kumbe wanaogopa kumwaibisha mtoto kwa kanga na kandambili mbele ya wazazi wa wenzake. Wapo pia watoto, tusifichane, wanaopumua wakisikia mama haji.

Mwandishi wa Ufaransa Annie Ernaux, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2022, alijenga sehemu kubwa ya kazi yake juu ya jeraha hilo. Wazazi wake walikuwa na duka na mkahawa mdogo mjini Yvetot, na kabla ya hapo walifanya kazi viwandani. Yeye alisoma akawa mwalimu. Kitabu chake cha mwaka 1983, “La Place”, kinamhusu baba yake, aliyefariki mwaka 1967, miezi miwili baada ya binti kufaulu mtihani wa kuthibitishwa kufundisha. Kinachoumiza ndani yake ni kwamba baba alitaka binti asome, binti akasoma, na kusoma kwenyewe ndiko kukawaondolea maneno ya kuzungumza.

Tiba yake si mtoto kuacha shule wala mzazi kurudi darasani. Familia zinazofanikiwa kuvuka huwa na mazoea madogo tu: mtoto anaeleza anachokisoma kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, hata kama ni nusu saa, na wa nyumbani wanauliza. Anayesomea udongo ana mengi ya kumuuliza baba anayelima. Anayesomea sheria ajue kuwa shangazi yake alishinda kesi ya kiwanja katika baraza la kata bila wakili. Msomi wa kwanza katika familia asipoulizwa nyumbani, hujifunza kunyamaza nyumbani, na mwisho huacha kuja.

Akishaajiriwa

Kuna dhana kuwa mhadhiri ana fedha, ndiyo maana akishaajiriwa harambee zote hupitia kwake. Anayeanzia chini ana makato ya mkopo, ana uzamili au uzamivu wa kumaliza, ana ndugu anaowasomesha. Mwenzake aliyeanza naye siku moja ana nyumba ya wazazi ya kuishi na gari la baba la kuazima. Kwenye karatasi ya mshahara wako sawa. Akialikwa kwenye mkutano wa wasomi nje ya nchi, ambako mara nyingi mtu hulipa kwanza ndipo arudishiwe, mmoja analipa na mwingine anaandika barua ya kuomba radhi. Miaka mitano ya barua za kuomba radhi huonekana kwenye wasifu wa mtu.

Hilo ni upande wake. Upande wa wanafunzi, uwepo wake una maana ambayo haipimwi kwa machapisho. Anamjua kwa macho mwanafunzi asiyekula. Anajua kwa nini yule wa nyuma hajibu, na anamwachia aanze kwa Kiswahili kisha amsaidie kukivusha.

Dar es Salaam ilipata bahati ya kuwa na mwalimu wa aina hiyo, ingawa alitoka mbali. Walter Rodney alizaliwa Georgetown, Guyana, mwaka 1942. Baba yake alikuwa fundi cherehani na mama yake mshonaji. Alisoma kwa ufadhili, na mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 24, alipata shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha London. Akaja kufundisha historia Mlimani.

Alipokwenda kufundisha Jamaika mwaka 1968 alikuwa akitoka chuoni na kuketi na maskini wa Kingston, wao wakieleza na yeye akieleza. Serikali ya huko ilimzuia kurudi nchini Oktoba mwaka huohuo. Alirejea Dar es Salaam mwaka 1969 na kufundisha hadi 1974. Hapo kati, mwaka 1972, kilitoka kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilichochapishwa London na Dar es Salaam na ambacho bado kinasomwa. Aliuawa kwa bomu mjini Georgetown mwaka 1980.

Ngũgĩ naye, mwaka 1977, akiwa tayari ni mwalimu mkubwa Nairobi, alirudi kijijini kwao Kamiriithu na pamoja na Ngũgĩ wa Mirii wakaandaa tamthilia kwa Kikuyu. Walioigiza walikuwa wakulima na vibarua, na hao ndio waliokuwa wakiwasahihisha wasomi lugha na historia. Mchezo ulipigwa marufuku, Ngũgĩ akawekwa kizuizini mwisho wa mwaka huo, na kazi yake ya chuo haikurudi. Si lazima kila mhadhiri wa kutoka shamba apitie hayo. Ila ni vigumu kufikiria mtu asiyetoka pale akipata wazo la kwenda pale.

Muda ndio mtaji

Kwa familia ambayo mtoto wake ameambiwa abaki, kinachohitajika kwanza ni kikao chenye tarehe. “Nisubirini” haimsaidii yeyote. “Nipeni miezi 18, nikikosa nafasi au ufadhili nitatafuta kazi nyingine” ni maneno ambayo baba anaweza kuyapeleka kwa ndugu zake. Katika miezi hiyo, ada ya mdogo ibebwe na nani? Mjomba wa Mwanza anaweza kuchukua muhula mmoja, dada aliyeolewa Kahama mwingine? Ukoo uliokuwa tayari kugawana mshahara wake unaweza pia kugawana kusubiri kwake, ingawa ni kweli kuwa koo huitika wito wa kwanza haraka kuliko wa pili.

Kijana naye asikae bure akisubiri tangazo. Kufundisha kwa muda shule ya jirani, au kusaidia kukusanya takwimu kwenye mradi wa mwalimu wake, humpa nauli na humweka karibu na mlango. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyekuja kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Kent na kushinda Nobel mwaka 2021, alifanya kazi ya uhudumu hospitalini katika miaka yake ya mwanzo Uingereza. Uzamivu wake aliupata mwaka 1982, akiwa na umri unaokaribia miaka 34.

Na kuna jambo moja ambalo halisubiri chuo kikuu. Mikopo na ufadhili vyote huanza na karatasi. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kiwepo. Mtoto wa mwajiriwa mara nyingi hupata cheti chake akiwa bado ananyonya. Wa kijijini hukitafuta akiwa na miaka 19, wiki ya mwisho ya maombi, na ndipo inagundulika kuwa cheti kinasema Mwanaidi na matokeo ya kidato cha nne yanasema Mwanahidi. Kila herufi ya namna hiyo inadai hati ya kiapo, nauli ya kwenda wilayani na siku kadhaa za foleni, wakati dirisha la maombi lina tarehe ya kufungwa. Mwenye mtoto aliye darasa la sita leo aitoe bahasha ya vyeti kabatini na kulinganisha majina kabla hayajasajiliwa kwa mitihani ya taifa.